Rayta Muuza Kalamu na Mwaka wa Tuta Lililokatwa

Mama Jarir hakujua kusoma hata jina lake, lakini nusu ya waandishi wa mji wa Wasit waliandikia kalamu zake. Jina lake hasa lilikuwa Rayta binti Maymun. Alikaa mlangoni mwa soko la karatasi, ng'ambo ya magharibi ya mto Dijla, ametandika mkeka, na juu ya mkeka matete yaliyokaushwa na kuchongwa. Mkononi alikuwa na kisu kidogo ambacho hakukiweka chini hata wakati wa kula. Mteja akija kulalamika kwamba kalamu inakwaruza karatasi, aliichukua, akaitazama ncha yake kwenye jua, akamrudishia.

"Kalamu haina neno," alimwambia. "Mkono wako ndio unaotetemeka. Leo umeandika uongo?"

Watu walicheka, na mteja akanunua nyingine.

Nasimulia habari zake kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu katika jambo kubwa la maisha yake mimi sikusimama vizuri. Naitwa Hamdan. Nilikuwa mwanafunzi wa Sheikh Abu Ghalib, aliyeandika historia ya mji wetu. Miaka thelathini alikusanya habari: nani alizaliwa Wasit na akafundisha wapi, kadhi gani aliondolewa na kwa nini, mwaka gani ngano iliadimika sokoni. Kanuni yake ilikuwa moja. Habari haikuingia kitabuni bila jina la aliyeileta, na jina la aliyemwambia huyo, hivyo hivyo mpaka umfikie mtu aliyeona kwa macho. Habari isiyo na mwenyewe aliitangulizia neno moja tu: "Inasemekana." Sisi wanafunzi tulijua maana yake. Kwa sheikh wetu, neno hilo lilikuwa kama kumwacha mgeni barazani bila kumkaribisha ndani.

Siku moja Mama Jarir alileta fungu la kalamu kwenye darsa letu, nami nilikuwa nikimsomea sheikh ukurasa ili ausahihishe. Nilisoma: "Mwaka huo, katika mwezi wa Nisan, maji ya Dijla yalipanda. Inasemekana panya walitoboa tuta la mto upande wa Mtaa wa Matete, maji yakaingia, wakafa watu wengi." Nisan ndio mwezi ambao mito yetu hujaa, na tangu gharika yenyewe ilikuwa imepita miaka kumi na tisa.

Mama Jarir akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha furaha.

"Panya," alisema. "Panya wa mji huu wana majembe?"

"Mama, hapa ni darsani," mmoja wetu akamwambia.

"Na mimi nimewaletea kalamu za darsa. Kwani kuuliza ni dhambi?"

Sheikh Abu Ghalib akaweka bakuli lake la maji chini. "Uliona nini, Mama Jarir?"

"Usiniulize kwa adabu, Sheikh, kama huna nia ya kuandika."

"Niambie kwanza. Ndipo nijue kama nitaandika."

Akaeleza akiwa amesimama, fungu la kalamu bado kwapani. Mwaka ule alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, mke wa mkata matete aliyeitwa Bishr, na mtoto wao Jarir alikuwa na miaka mitatu. Mchana ule Bishr alikuwa amelala na homa, mtoto yuko naye, kwa hiyo Rayta alikwenda peke yake kukata matete kwenye kona ya mto, nje ya tuta. Baada ya alasiri aliona watu saba wakipanda juu ya tuta na majembe, na mtu wa nane juu ya nyumbu wa kijivu mwenye tandiko jekundu. Alifurahi. Maji yalikuwa yamepanda siku nne mfululizo, akadhani wamekuja kuliongezea tuta udongo. Badala yake wakaanza kulichimba. Akapiga kelele. Yule wa juu ya nyumbu akageuza kichwa, akamtazama jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliye shambani kwa mwingine, kisha akageukia kazi yake.

Rayta alimjua. Alikuwa Nasr bin Zarrad, msimamizi wa mashamba, ambaye kila mwaka alikuja kupima vichaka vyao vya matete. Ng'ambo ya pili ya mto ngano ya Nasr ilikuwa imebakiza wiki tatu ivunwe. Maji yalitaka pa kwenda, na Nasr alikuwa amechagua.

"Nilikimbia," Mama Jarir alisema. "Maji yalikimbia zaidi."

Nyumba yao aliikuta imebaki paa. Maiti za Bishr na mtoto zilionekana siku ya tatu, kwenye ukuta wa msikiti wa wafinyanzi. Mtaa ule ulizika watu zaidi ya mia mbili. Tangu hapo wapo waliomwonea huruma wakajaribu kumwita Rayta, wasimkumbushe mtoto. Hakuwaitikia. Alikuwa Mama Jarir kabla ya maji, na maji hayakumpa ruhusa mtu yeyote kumbadilisha jina.

Sheikh hakumwambia pole. Alimuuliza jua lilikuwa upande gani, upepo ulitoka wapi, na wale watu walichimba wakielekea mtoni au mtaani. Kesho yake alinituma mimi niende kwenye ile kona, nisimame ndani ya matete saa kama ile, nione kama tuta linaonekana. Nilikwenda, nikalowa mpaka kiunoni, nikaliona wazi. Baada ya mwezi mmoja alimwita tena aeleze upya. Baada ya miezi miwili mingine akamwita mara ya tatu.

"Sheikh, umenisahau au unanipima?" Mama Jarir aliuliza mara hiyo ya tatu.

"Nakupima."

"Ningekuwa bwana mwenye kilemba kikubwa, ungenipima mara tatu?"

"Mara nne. Wenye vilemba ndio mafundi wa kupamba."

Hapo Mama Jarir akakaa chini. Nadhani siku hiyo ndipo alipomkubali.

Sheikh akaandika, akamsomea. Aliposoma, "Walikuja watu wanane wenye majembe," Mama Jarir akamkatiza.

"Saba. Wa nane hakushika jembe. Usimpe jembe mtu ambaye hakuchafua mikono."

Sheikh akakwangua wino, akaandika saba. Akasoma mara ya pili, na mama yule alikuwa akichezesha midomo. Mara ya tatu walisema pamoja, neno kwa neno, mzee kutoka kwenye karatasi na yeye kutoka kifuani. Kisha sheikh akamwonya.

"Jina la Nasr litaingia, na lako litaingia. Nasr amekufa, lakini mwanawe yupo, na ni mtu mkubwa. Ukitaka, nitaandika 'mwanamke mmoja wa Mtaa wa Matete.'"

"Wanawake wa Mtaa wa Matete walikuwa wengi, Sheikh. Wengi wao wako udongoni. Andika mimi ni nani, baba yangu ni nani, na ninauza nini, ili anayetaka kunibishia ajue pa kunipata."

Ndivyo alivyoandika: "Rayta binti Maymun, muuza kalamu, alinieleza, naye aliona kwa macho yake."

Miaka miwili baadaye Sheikh Abu Ghalib alifariki, alfajiri, baada ya kusali. Aliniachia idhini ya kukisoma kitabu chake mbele ya watu. Kwetu kitabu kilicholala sandukuni hakijawa kitabu. Husomwa kwa sauti msikitini, majina ya waliosikia huandikwa mwishoni, ndipo nakala zake huaminika Basra na Baghdad. Tukapanga kukisoma katika msikiti wa Ijumaa kila Jumamosi na Jumanne, asubuhi mpaka adhuhuri. Aliyetoa karatasi na mikeka alikuwa Mansur bin Nasr bin Zarrad. Mwana wa yule wa juu ya nyumbu.

Sitaki kumfanya Mansur kuwa shetani. Watu walimpenda. Daraja letu la mashua zilizofungwa pamoja lilipokatika alilitengeneza kabla hajaombwa. Yatima walikula kwake. Hata chuo nilichofundishia watoto Kurani kilikuwa wakfu wake. Alinialika chakula cha mchana, samaki wa kuchoma na mkate mweupe wa ngano, mimi ambaye nyumbani nilizoea mkate wa mchele. Nakala ya kitabu alikuwa nayo, na alikuwa ameisoma.

"Hamdan," alisema, "sikuambii ufute. Mtu akifuta, watu huuliza palikuwa na nini. Nataka neno moja tu. Badala ya 'Rayta alinieleza, naye aliona,' wewe soma 'inasemekana.' Na yule wa juu ya nyumbu awe 'mtu mmoja.' Sheikh mwenyewe amelitumia neno hilo mara mia."

"Amelitumia pale asipomjua msemaji, bwana."

"Na wewe huyu unamjua? Mwanamke anakaa mlangoni mwa soko tangu asubuhi, anabishana na wanaume, hajui alifu wala bee. Unamjua kweli?"

Mansur alikuwa akinitolea mwiba kwenye samaki, taratibu, kama kaka mkubwa. Akaniambia kwamba mkuu wa chuo amezeeka, na kwamba yeye humfikiria mtu kijana mwenye sauti nzuri.

"Na yule mama," aliongeza, "mwambie kuna kibanda kitupu ndani ya soko, chenye paa. Masika haya yatakuwa makali. Ahamie tu. Ila siku ya kusoma mwaka ule asije msikitini."

"Hilo ni sharti?"

"Ni ombi, ndugu yangu."

Nilikwenda kwa Mama Jarir siku hiyo hiyo na ladha ya samaki bado mdomoni. Nilimkuta akipasua matete. Nikazunguka sana, nikaanza na masika, nikaja kwenye kibanda, nikasifu paa lake. Hakuniangalia.

"Paa," alisema. "Na baada ya paa kuna nini? Maana wewe hujaja kunisomea hali ya hewa."

Nikamwambia. Nilisema kwamba habari yenyewe itabaki, tuta litakatwa vile vile, watu watakufa vile vile, na kitakachobadilika ni neno la mwanzo tu. Kisu kikasimama.

"Hamdan, inasemekana mama yako ndiye aliyekuzaa. Utaridhika?"

"Mama, si hivyo."

"Ni hivyo hivyo. Kesho ukitaka urithi wa babako, kadhi akuulize we ni nani, umjibu, 'Inasemekana mimi ni Hamdan.' Uone kama utapewa hata kobazi zake." Akalitupa tete lililoharibika. "Mwanangu nilimzaa, nilimnyonyesha, nilimvika sanda. Hasemekani. Na mtu aliyemuua alikuwa na jina, alikuwa na nyumbu, na tandiko la nyumbu lilikuwa jekundu."

"Mansur ana nguvu, mama. Mimi nina chuo kile tu."

"Najua. Ndiyo maana sikutukani." Akanichagulia kalamu moja, akanikabidhi. "Jumanne nitakuja. Mwambie kibanda ampe mbuzi wake."

Jumanne alikuja. Wanawake walikaa nyuma ya nguzo za kulia, naye akachukua nafasi ya mbele kabisa, miguu ameikunja, mikono mitupu. Msikiti ulijaa kwa sababu fununu ilikuwa imetangulia. Mansur alikaa karibu na mihrabu na wazee wake, na mmoja wao, Abu Nizar, shahidi wa mahakama ya kadhi, alishika nakala nyingine afuate ninachosoma. Nakala hiyo ilikuwa ya Mansur, imekwisha kubadilishwa. Yangu ilikuwa ya sheikh, kwa mwandiko wake mwenyewe, na neno "aliona" lilikuwa pale, jeusi, limekauka vizuri.

Nikafika kwenye mwaka ule. Nikasoma: "Maji ya Dijla yalipanda. Inasemekana mtu mmoja aliye juu ya nyumbu…"

"Rudia," sauti ilisema nyuma ya nguzo.

Nikainua kichwa. Mama Jarir alikuwa amesimama.

"Rudia, Hamdan. Husomi kilichoandikwa."

Abu Nizar akageuka, akatabasamu. "Bibi, unajua kusoma?"

"Sijui."

"Sasa umejuaje kilichoandikwa?"

"Kwa sababu ni mimi niliyekisema."

Watu wakacheka, hata baadhi ya wazee. Na kabla kicheko hakijaisha, Mama Jarir akaanza kusoma bila kitabu. Alianzia mwezi wa Nisan, akataja jina lake, jina la baba yake na kazi yake, akasema naye aliona kwa macho yake, akawaleta watu saba na majembe saba, akamleta wa nane juu ya nyumbu, akamtaja Nasr bin Zarrad. Hakuongeza machozi wala laana. Ilikuwa ile ile aya ya sheikh, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye mwandiko wake. Hakukosea hata kiunganishi. Alipomaliza alisema, "Nilimweleza Sheikh mara tatu, akanisomea mara tatu, nikakubali mara tatu. Mwenye kuona kosa aseme."

Mansur hakukasirika. Alisema kwa upole, "Mama, baba yangu amekufa. Yuko mbele ya Mola wake."

"Na Jarir wangu yuko huko huko. Wao watazungumza wenyewe. Mimi nazungumza na tuliobaki."

Abu Nizar hakutabasamu tena. "Ushahidi wa mwanamke mmoja hautoshi," alisema. "Zaidi ya hayo ni mwanamke wa sokoni, mgomvi. Mwaka juzi alimpiga mteja kwa fungu la matete."

"Mbele ya watu. Na alistahili," Mama Jarir akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Hamdan. Sheikh wako alikufundisha nini juu ya habari ya mtu mmoja?"

Niliona macho yote yamenijia. Nilimwona Mansur akingoja. Nilifikiria chuo, na mama yangu mzazi aliyekuwa akila kwa kazi yangu. Nikifikiria hayo, mdomo ukafunguka wenyewe, maana somo lile nilikuwa nalo tangu utotoni.

"Alitufundisha kwamba mahakama ni jambo moja na habari ni jambo jingine," nilisema. "Mahakamani huhesabiwa mashahidi. Kwenye habari huangaliwa ukweli wa msemaji, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru. Akithibitika mkweli, habari yake hupokewa hata akiwa peke yake. Na sheikh alimpima Rayta binti Maymun mara tatu. Alinituma kwenye kona ya mto, nami nilisimama aliposimama yeye. Tuta linaonekana."

"Basi soma," Mama Jarir akasema.

Nikasoma kama ilivyoandikwa, kuanzia mwanzo wa mwaka. Sauti yangu ilitetemeka, na sikuwa na kalamu ya kuisingizia.

Mansur akainuka, akatafuta viatu vyake bila haraka, akatoka. Wazee wake wakatoka naye, na baada yao watu wengi zaidi, kila mmoja akiwa amekumbuka shughuli. Waliobaki hawakujaza safu mbili. Nikaandika majina yao wote ukurasa wa mwisho, na juu yao nikaandika kwamba aliyelisahihisha darsa siku hiyo ni Rayta binti Maymun. Yule mama alikuja kutazama.

"Ndilo hili?" aliuliza, akiweka kidole.

"Ndilo."

"Refu kuliko nilivyodhani."

Adhabu haikuchelewa. Wiki ile ile niliondolewa chuoni, na mikeka ya Mansur ikachukuliwa msikitini, tukamalizia kitabu uani kwa marehemu sheikh, tumekaa juu ya magunia. Msimamizi wa soko akamwambia Mama Jarir kwamba mkeka wake unaziba njia. Alikuwa amekaa pale miaka kumi na minne na njia haijawahi kuzibwa. Hakubishana, jambo lililonishangaza. Aliukunja mkeka, akaubeba mpaka mwanzoni mwa daraja la mashua, mahali ambapo hapana mtu wa Wasit asiyepita, akautandika.

"Kule nilikuwa naonwa na waandishi," aliniambia. "Hapa ananiona kila mtu."

Lakini Mansur naye hakulala. Aliajiri wanakili wazuri, wakatoa nakala za kitabu chenye "inasemekana," karatasi nene, vichwa vya habari kwa wino wa dhahabu, akazipeleka zawadi kwa wakubwa wa Baghdad. Mpaka leo nakala hizo zipo. Niliwahi kuiona moja kwa mwanachuoni msafiri, nikarudi kwa Mama Jarir nimevunjika moyo.

"Zao ni nzuri," nilimwambia. "Za kwetu ni karatasi rahisi."

"We si una mikono?"

"Ninayo."

"Na mimi ninazo kalamu. Sasa unalilia nini?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya maisha yangu. Nilinakili, naye alinipa kalamu. Kila aliyetaka nakala nilimpeleka darajani, na Mama Jarir alimkalisha kwenye mkeka, awe tajiri au masikini, akamsomea aya yake kwa mdomo wake mwenyewe, ili mtu huyo naye akaseme kwao, "Nimesikia kwa Rayta, naye aliona." Wapo waliotoka Mosul. Alikuja hata mmoja wa Khurasani ambaye Kiarabu chake kilimchekesha mama yule hadi akashika mbavu, lakini alimrudisha mwanzo kila alipokosea, mara sita, mpaka akashika.

"Walikuwa saba," alimwambia. "Huko kwenu wakikwambia wanane, wakatalie."

Siku moja, miaka tisa baada ya Jumanne ile, Mansur bin Nasr alikuja mwenyewe. Alikuwa amekonda, anatembelea fimbo. Nilikuwa nimekaa hapo nikichonga. Mama Jarir hakuinuka, ila alimwonyesha mkeka. Akakaa.

"Nilikuwa na miaka minane mwaka ule," Mansur alisema. "Baba alirudi nyumbani siku ile hakula. Alilia, Mama Jarir. Kitabu chenu hakisemi hilo."

"Ulimwona analia?"

Mansur akailaza fimbo yake chini. "Hapana. Mama yangu ndiye aliyeniambia."

"Mamako alimwona?"

"Alimwona."

"Jina lake nani?"

"Buthayna binti Harith."

Mama Jarir akachonga tete zima kabla ya kusema neno. Nilidhani atamfukuza, na moyoni nilitaka amfukuze.

"Hamdan, mwandikie," alisema. "'Mansur bin Nasr alinieleza, kutoka kwa mama yake Buthayna binti Harith, kwamba Nasr alirudi hakula, akalia.' Iweke baada ya yangu. Isiondoe ya kwangu hata herufi."

Mansur akamtazama. "Kwa hiyo unaniamini."

"Sikuamini wala sikukatai. Nakutaja. Atakayesoma ataamua mwenyewe kama machozi yale yalimrudishia mtu mwanawe." Akapangusa kisu kwenye nguo yake. "Na wewe zile nakala zako za dhahabu?"

Mansur akainuka. Alishukuru, akaondoka polepole juu ya daraja alilolitengeneza. Sikusikia kwamba alizirekebisha nakala zake. Lakini hakutoa nyingine tena, na msimamizi wa soko hakuja darajani kutafuta njia iliyozibwa.

Wapo wanaoniuliza faida ya ugomvi wote ule ilikuwa nini, kwa watu waliokwisha kufa. Mimi huwaambia waende Mtaa wa Matete mwezi wa Nisan. Baada ya aya ile kujulikana, wanawake wa mtaa walianza desturi mpya. Maji yakipanda tu, hupanda juu ya tuta na vikapu vyao na watoto wao, wakakaa huko zamu kwa zamu mpaka yashuke, na msimamizi yeyote wa mashamba akipita huulizwa jina lake na la baba yake. Aliyewaanzishia ni Mama Jarir. Mara ya kwanza walikuwa watano, na askari wa liwali aliwaamuru washuke.

"Tunaangalia panya," alimwambia.

Askari alicheka akaenda zake, na mwaka uliofuata walikuwa sitini.

Alikufa wakati wa baridi, kwa kikohozi, katika mwaka wa sitini na tano wa umri wake kwa hesabu yake mwenyewe. Nisan ya mwaka huo Dijla ilipanda kuliko miaka yote niliyoishi, ikafika dhiraa moja chini ya ukingo. Nilikwenda tutani baada ya alasiri nikiwa na hofu kwamba sasa hayupo. Niliwakuta wanawake wamekwisha kujipanga, kutoka kona ya mto hadi kwenye tanuri za wafinyanzi, wengine wanasuka mikeka, wengine wananyonyesha. Binti mmoja ambaye sikumjua alinizuia kwa mkono.

"We nani?" aliuliza. "Mtoto wa nani?"

Nikamwambia. Akanitazama kuanzia kilemba hadi miguuni, akaridhika, akanipisha.